Mche Usio na Kuvu ni Mche Pungufu

Imekwisha kuwa kaida katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kila mwaka mvua inapochelewa na majani ya michungwa kuanza kujikunja ifikapo adhuhuri, kwamba watu wenye elimu na madaraka husimama mbele ya wakulima wakawaambia neno lile lile walilowaambia mwaka uliopita: ukame ni upungufu wa maji, na dawa ya upungufu wa maji ni maji. Asiye na mto achimbe kisima. Asiyeweza kisima anunue tangi na mipira ya matone. Asiyeweza hata hilo na asubiri rehema ya Mola. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilipowanyima watu wa kaskazini na mashariki ya Kenya, rai hii ilizidi nguvu, kwa kuwa msiba mkubwa humfanya mtu ashike jibu lililo karibu naye. Nami naandika makala haya kuipinga, si kwa sababu ni uwongo mtupu, maana hakuna mti ulioishi pasi na maji, bali kwa sababu ni nusu ya kweli iliyovikwa joho la kweli nzima, na nusu ya kweli katika kilimo hugharimu mashamba.

Nusu hiyo ina ndugu yake, nayo ni dhana kwamba kuvu ni ugonjwa. Ingia katika duka lolote la pembejeo utazame rafuni: kuvu na ukungu vimetajwa juu ya pakiti nyingi, na kila vilipotajwa vimetajwa ili viuawe. Sikatai kwamba kuvu za kuua zipo. Mkulima wa maembe aliyeona maua yake yakigeuka meusi kwa chule, au mwenye migomba aliyenyang'anywa shamba na mnyauko wa kuvu, hahitaji kuhadithiwa. Lakini kuhukumu jamii nzima ya viumbe kwa taksiri ya baadhi yake ni dhuluma tusiyoikubali miongoni mwa wanadamu, na katika elimu ya mimea ni zaidi ya dhuluma, ni ujinga wenye hasara. Kwa kuwa chini ya ardhi, ndani ya mizizi ya mchungwa, mwembe, mparachichi, mpapai, mzabibu, mgomba na mpasheni, huishi kuvu za namna nyingine kabisa, ambazo wataalamu huziita kuvu za maikoriza, na kazi yao si kuuangamiza mti bali kuulisha na kuunywesha. Dai langu ni hili, nami nitalisimamia: mche wa tunda uliolelewa bila kuvu hizi ni mche pungufu, na mpango wowote wa kuokoa mashamba ya matunda na ukame usiozihesabu kuvu hizi ni mpango pungufu vile vile, hata ukiwa na visima mia.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, ambaye serikali ya Prussia ilikuwa imemtaka achunguze uwezekano wa kulima trufeli, ule uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi, aliona katika kufukua mizizi ya miti ya msituni kwamba ncha zake zimevikwa nyuzi za kuvu kutoka mti hata mti, na miti yenyewe haina dalili ya maradhi. Akatoa hukumu kwamba kuvu na mti wamefunga mkataba wa kufaana. Wenzake wengi walimpinga, maana katika zama hizo, kama katika zama zetu, kuvu ndani ya mzizi ilihesabiwa kuwa mwizi ndani ya nyumba. Ni kweli kwamba kuvu alizozieleza Frank huvika mizizi kwa nje, ilhali zile za miti yetu ya matunda huingia ndani ya chembe za mzizi na hazionekani kwa macho matupu. Lakini mkataba ni wa namna moja, nao ni wa kale kupita kiasi, kwa kuwa alama zake zimekutwa katika mimea iliyogeuka mawe huko Rhynie, Scotland, tangu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wakati ambapo mimea ndiyo kwanza ilikuwa inajifunza kuishi nchi kavu.

Anayetaka kuziona hahitaji maabara ya kifahari. Achukue mizizi myembamba ya mchungwa, ile iliyo karibu na uso wa ardhi chini ya majani makavu, aioshe taratibu, aichemshe katika maji ya potasi kali mpaka ipauke (na hapa pawepo mwalimu, maana potasi huunguza), kisha aisuuze na kuichemsha kidogo katika siki iliyotiwa wino wa kalamu. Njia hii ya siki na wino ilitangazwa mwaka 1998, na inawezekana hata kwa shule ya sekondari yenye hadubini moja. Mzizi wenyewe hubaki mweupe, na ndani yake hujitokeza kwa rangi ya wino nyuzi zinazopita baina ya chembe na chembe, vifuko vya mviringo vilivyojaa mafuta, na katika chembe zenyewe vichaka vidogo mno vyenye matawi yanayogawanyika na kugawanyika tena hata jicho lishindwe kuyafuata. Hapo kwenye vichaka ndipo biashara inapofanyika: mti hutoa sukari na mafuta uliyoyatengeneza kwa nguvu ya jua, na kuvu hutoa fosforasi, zinki, shaba na maji iliyoyakusanya mbali. Mtu aliyekwisha kuvitazama vichaka hivyo kwa jicho lake ni vigumu tena kumwaminisha kwamba ardhi ni chombo kitupu cha kutilia maji na mbolea.

Sasa nije kwenye kiini cha ugomvi. Wapinzani wangu husema: kuvu haiumbi maji, ikiwa ardhi imekauka, kuvu itaunywesha mti nini? Swali hili lingekuwa na nguvu lau ardhi ingekauka yote mara moja, lakini haikauki hivyo. Udongo unapoanza kupoteza maji, hutangulia kukauka zile nafasi kubwa baina ya chembe zake, na maji yanayobaki hujificha katika nafasi nyembamba ambamo mzizi, hata ule mwembamba, hauwezi kupenya. Uzi wa kuvu, ambao unene wake ni sehemu chache tu katika elfu za milimita moja, huingia humo. Mimea mingi hujisaidia kwa vinyweleo vya mizizi. Lakini mchungwa na jamaa zake wote, yaani mlimau, mndimu, mdanzi na mchenza, wana vinyweleo vichache na vifupi, na mparachichi aghalabu hauna kabisa. Miti hii haikuumbwa kuishi peke yake ardhini. Kuinyima kuvu ni kuikata viungo ambavyo tangu asili yake iliviazima kwa mwingine.

Tena liko jambo la pili, ambalo watu wa rai ya maji hawalitaji, nalo ndilo zito kuliko yote. Fosforasi katika udongo haisafiri kama chumvi nyingine. Hujikokota polepole mno katika utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo, na mzizi ukiisha kuila ile iliyo ubavuni mwake, kwa upana wa milimita moja au mbili, hubaki na njaa katikati ya ardhi yenye chakula. Ukame unapouchuna utando huo wa maji, safari ile ya polepole hukatika kabisa. Kwa hiyo mti uliomo katika ukame huanza kushikwa na njaa kabla haujafa kwa kiu, na mwenye shamba, akiona majani yamekunjamana, husema maji, maji, ilhali mti unalia kwa mambo mawili. Mwaka 1975 watafiti Rhodes na Gerdemann, kwa kutumia fosforasi yenye mnururisho iliyoweza kufuatwa njia nzima, walithibitisha katika vitunguu kwamba nyuzi za kuvu huileta fosforasi hadi mzizini kutoka umbali wa sentimeta 7. Linganisha sentimeta 7 na milimita 2, kisha uniambie kama kuvu hii ni jambo la pembeni.

Nawaomba wasomaji wanivumilie nikae kidogo juu ya kisa cha vitalu vya michungwa vya California na Florida, kwa sababu ni kisa cha miti ile ile tunayoipanda Muheza, Tanzania, na kosa lile lile tunaloendelea kulitenda. Wenye vitalu wa huko, wakitaka kujikinga na kuoza kwa mizizi na minyoo ya ardhini, walikuwa wakiufukiza udongo kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo huua karibu kila kiumbe hai. Ardhi ilitoka safi kwa kadiri akili ya mwanadamu inavyoweza kusafisha. Mbegu zilipandwa, zikaota vizuri, kisha miche ikasimama. Ikadumaa, ikapauka, mwezi baada ya mwezi, ila katika mabaka machache ambamo, pasi na sababu iliyojulikana, miche ilikuwa na kimo na rangi ya kijani iliyokolea. Wakasema gesi imeacha sumu. Wakasema ardhi imepungukiwa fosforasi, wakamwaga mbolea nyingi, na kweli mbolea nyingi ilisaidia kwa kiasi, jambo lililowazidishia kutoelewa, kwa maana vipimo vya udongo vilikuwa vinaonesha kwamba fosforasi ilikuwamo. Mwaka 1972 Kleinschmidt na Gerdemann walilikata shauri: miche ilidumaa kwa sababu kuvu za mizizi zilikuwa zimeuawa pamoja na maadui, na iliporudishiwa kuvu ilikua. Yale mabaka ya kijani yalikuwa ni mahali ambapo kuvu ilisalimika au ilirudi yenyewe.

Na hata hao hawakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1950, kwenye kituo cha utafiti wa matunda cha East Malling, Kent, bibi mmoja mtaalamu aitwaye Barbara Mosse alikwisha kuonesha kwa mitofaa kwamba mmea uliopewa kuvu hizi hupita mwenziwe usiopewa katika kukua na katika madini unayojikusanyia. Kuvu mojawapo iliyo mashuhuri kuliko nyingi ilipewa jina lake mwaka 1968. Burhani ilikuwa mezani, ila wenye vitalu walikuwa wakitazama upande mwingine, kwa kuwa waliamini kwamba usafi wa ardhi ni kutokuwa na kitu ndani yake.

Mpinzani atasema: hayo ni ya kukua, nasi tunazungumza ukame. Vyema. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Israel, Levy na Krikun, waliitwaa miche ya ule mlimau wa ganda la makunyanzi, ambao ndio unaotumika sana hapa kwetu kuwa shina la kubebeshea machungwa, wakachagua yenye kuvu na isiyo na kuvu iliyolingana ukubwa, ili mtu asije akadai kwamba mkubwa ameshinda kwa ukubwa wake. Wakainyima maji, kisha wakairudishia. Tofauti ilijitokeza katika kupona, na uamuzi wao ulikuwa kwamba athari kubwa ya kuvu imo katika namna majani yanavyotawala kufungua na kufunga matundu yake, yaani mlango ambao maji hutokea na hewa huingilia. Mwaka 1984 Graham na Syvertsen huko Florida walipima jinsi mizizi inavyopitisha maji, wakaona kwamba mizizi ya mdanzi na ya shina liitwalo Carrizo, ikiwa na kuvu katika udongo wenye fosforasi haba, hupitisha zaidi ya maradufu kuliko isiyo nayo, na wao wakalinasibisha jambo hilo na chakula bora ambacho mti umepata. Jambo linalokubaliana na nilivyosema, kwamba njaa na kiu katika mti havitenganishwi. Mwaka 2006 Wu na Xia wa China walionesha kwa miche ya michenza kwamba yenye kuvu ilikua na kutengeneza chakula kwa jua zaidi ya isiyo na kuvu, ilipomwagiliwa na iliponyimwa maji pia. Na kwa yule ambaye bado anauliza kama kuvu yaweza kubeba maji yenyewe kwa mikono yake, mwaka 2022 Anne Kakouridis na wenzake wa California waliotesha oti-mwitu upande mmoja, wakaweka maji yenye alama upande wa pili, na baina ya pande hizo wakaacha pengo la hewa ambalo mzizi hauwezi kulivuka ila nyuzi za kuvu pekee. Maji yalivuka. Hesabu yao ilikuwa kwamba takriban theluthi ya maji mmea uliyoyatoa kwa majani ilipita katika njia hiyo.

Lakini hujja ninayoiona kali kuliko zote dhidi ya rai ya maji-na-maji-tu haikutoka katika chombo cha maabara, imetoka katika mashamba makubwa ya nafaka ya Queensland, Australia. Wakulima wa huko, nchi yao ikiwa ya mvua haba, walikuwa na tadbiri ya kuliacha shamba wazi muda mrefu, limepaliliwa jeupe pasi na mmea wowote, ili mvua zote zinyeshazo zijikusanye ardhini na msimu unaofuata ukute akiba ya maji. Tadbiri ilifaulu kwa maji, kwani akiba ilikuwapo. Lakini mazao yaliyopandwa baada ya kupumzisha ardhi kwa muda mrefu kiasi hicho yalitoka dhaifu na ya manjano, na jambo hili lilikuwa fumbo la miaka mingi, mpaka J. P. Thompson alipobainisha mwaka 1987 kwamba kuvu za mizizi, kwa kuwa haziwezi kuishi ila kwa kulishwa na mzizi ulio hai, zilikuwa zimepungua kwa njaa wakati wa uwazi ule, na mimea iliyofuata ikakosa fosforasi na zinki. Hapa basi pana shamba lenye maji zaidi na mmea dhaifu zaidi. Na atokee mtu wa rai ya maji anieleze hilo kwa maji.

Nasi tunafanya nini? Tunamsifu mkulima ambaye chini ya michungwa yake hapaonekani jani. Tunamwambia kwamba shamba jeupe ndilo shamba safi. Tunalipitishia jembe na trekta wakati wa kiangazi, tukikatakata nyuzi zilizounganika msimu mzima, kisha tunashangaa kwamba mti wa miaka mitatu hauwezi kungojea mvua wiki mbili zaidi. Sisemi watu waache magugu yawanyang'anye miti maji yake. Sangara na magugu mengine makali yana uadui wake. Nasema kwamba baina ya mti na mti panahitaji mzizi hai wa mmea wenye kufaa, kama kunde au mtama au nyasi fupi zinazofyekwa na kulazwa ziwe matandazo, ili kuvu zisife njaa kabla mvua hazijarudi. Na hapa lazima niongeze tahadhari ambayo sijaisikia ikitolewa katika mikutano ya wakulima: kabichi na sukuma wiki, ambazo wengi huzipanda katikati ya miti michanga kwa ajili ya fedha ya haraka, hazizilishi kuvu hizi kabisa, na mchicha haufai sana. Anayetaka mboga na azipande, lakini asidhani kwamba amelilisha shamba lake lote.

Liko pingamizi jingine, na hili hutolewa na watu wa haki wenye elimu: kwamba kuvu hizi zimejaa ardhini tangu jadi, hivyo mti utazipata wenyewe, kuna haja gani ya kujishughulisha? Nakubali sehemu ya kwanza. Katika ardhi isiyosumbuliwa, chini ya miti ya kale na majani ya kudumu, kuvu zimo tele. Lakini mti wetu wa matunda hauanzi maisha yake hapo. Huanzia katika kiriba cha plastiki kitaluni, kilichojazwa udongo uliochimbwa chini sana mahali ambapo mizizi ilikuwa haba, ukachanganywa na mchanga, na pengine ukachomwa kwanza ili usiwe na wadudu. Ukatiwa mbolea ya kopo kwa wingi ili mche upendeze machoni mwa mnunuzi. Ukapigwa dawa ya ukungu. Miongoni mwa dawa hizo ilikuwamo kwa miaka mingi benomili, ambayo iliua kuvu za maikoriza kwa hakika kiasi cha kwamba wataalamu wenyewe waliitumia katika majaribio walipotaka kupata shamba lisilo nazo. Mche wa namna hii unakaa mwaka mzima au zaidi katika gereza lake, kisha unapelekwa Muheza au Makueni au Dodoma, katika shamba lililolimwa likabaki tupu, na kutakiwa ustahimili kiangazi cha kwanza cha maisha yake. Kuvu zilizo shambani zitaufikia, ndiyo, lakini baada ya miezi, na kiangazi hakingoji.

Migomba ya kisasa ndiyo ushahidi wa kutosha. Miche inayokuzwa katika chupa za maabara husifiwa, na kwa haki, kwa kuwa haina mnyauko wala minyoo. Lakini imetoka katika chupa ambamo hakuna kiumbe chochote ila yenyewe, na inapotolewa nje haina hata uzi mmoja wa kuvu. Joyce Jefwa, mtaalamu wa kuvu wa Kenya, amefanya pamoja na wenzake utafiti wa kuipatia miche ya namna hiyo kuvu za mizizi kabla haijakwenda shambani. Kazi ya namna hii ingestahili kujulikana kwa kila afisa ugani.

Nimebakiwa na pingamizi mbili ambazo sitaki kuzipita kwa pembeni. Ya kwanza inahusu biashara. Watu wamenunua unga katika pakiti zenye picha nzuri, wakaambiwa ni kuvu ya kukinga ukame, wakautia mashimoni, wasione chochote. Basi wakasema kuvu ni ulaghai. Hasira yao ni halali, lakini wameielekeza kusikostahili. Kuvu hizi haziwezi kukuzwa katika pipa kama hamira. Lazima zilelewe juu ya mizizi iliyo hai, na zikikaa ghalani kwa joto muda mrefu hufa. Mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Ethiopia na Naijeria kuchunguza bidhaa za kurutubisha udongo zilizokuwa sokoni ulikuta kwamba nyingi hazikuwa na ubora ziliojidai kuwa nao. Hili linahukumu duka, na linazihukumu serikali zilizoruhusu kitu kuuzwa kabla ya kupimwa. Kuvu iliyokufa pakitini haikupata nafasi ya kuonesha kitu.

Ya pili ni ya kielimu, nami naiheshimu. Huko Florida imethibitishwa kwamba mahali penye fosforasi tele kuvu huweza kuwa mzigo: hula sukari ya mti na hailipi kitu cha maana, na mti ukakua kidogo kuliko usio na kuvu. Ni kweli. Lakini tazama ukweli huu unamshuhudia nani. Unasema kwamba anayemwaga mbolea ya fosfeti inayoyeyuka upesi kila msimu anauvunja mkataba kwa mkono wake, na mti wake, uliozoea kupewa chakula mlangoni, hautakuwa na wa kuuletea chakula siku ardhi itakapokauka na mbolea ile ikakwama pale ilipomwagwa. Mashamba mengi ya wakulima wadogo wa kwetu hayana fosforasi tele. Yana upungufu, na huo ndio udongo ambamo kuvu hulipa deni lake. Tanzania ina mawe ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, ambayo huyeyuka polepole na kwa hiyo hayaiharibii kuvu kama mbolea ya haraka inavyoiharibia. Mkulima wa miti ya matunda, ambayo haina pupa ya mwezi mmoja, angepaswa kuelekezwa huko kwanza.

Namna ya kufanya si siri wala si ghali. Mwenye kitalu atwae udongo kidogo na mizizi kutoka chini ya nyasi na miti ya asili iliyo mbali na mashamba ya matunda, wala asiutoe chini ya mchungwa mzee, maana huko anaweza kuchukua pamoja na rafiki ule ugonjwa wa kutoa gundi unaoozesha mashina. Auchanganye na mchanga uliochemshwa ukapoa, katika vyungu au madebe yaliyotobolewa, apande mtama, asitie mbolea ya fosfeti, aumwagilie kwa miezi mitatu au minne, kisha aache kumwagilia mpaka mtama ukauke. Mizizi ile ikikatwakatwa pamoja na mchanga wake ndiyo dawa yenyewe, na gao moja chini ya mche wakati wa kuuhamishia kiribani linatosha kuanzisha kazi. Mtama haubebi magonjwa ya michungwa, na hiyo ndiyo faida ya kupitia kwake. Kabla ya kuitumia kwa maelfu ya miche, apeleke mizizi kadhaa mahali penye hadubini, siki na wino, aone kama kuvu imeshika.

Kwa hiyo ninachokitaka ni mahususi. Serikali zetu hudai miche ya matunda ikaguliwe kama ina magonjwa. Na zidai pia ikaguliwe kama ina kuvu, kwa kuchukua mizizi ya miche michache katika kila kundi, na mche usio nayo usipewe cheti wala usinunuliwe kwa fedha ya umma na kugawiwa wakulima wa nchi kame. Tanzania haina haja ya kujenga taasisi mpya kwa hili: kituo cha utafiti cha Mlingano, ambacho udongo ndiyo kazi yake ya miaka mingi, kiko Muheza kwenyewe, katikati ya machungwa, na vitalu vya kando ya barabara viko karibu nacho kiasi cha kufikiwa kwa baiskeli. Gharama ya kuupima mche mmoja mzizi wake kabla haujauzwa ni ndogo kupita kiasi ukiilinganisha na ya kuuchimbia kisima baada ya kuupanda. Na vitalu vinavyojaza viriba vyake sasa kwa ajili ya masika ijayo vingeweza kuanza na mchanga, mtama na madebe mwezi huu huu, pasipo kungoja waraka wa mtu yeyote.